Spika ya Nyuma Kushoto

Fundi alichora alama nne za chaki sakafuni, moja kwa kila mguu wa kiti, akasema kuanzia siku hiyo kiti kisisogezwe hata kwa upana wa kidole. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Sebule ilikuwa imejaa maboksi, sponji nyeupe za kufungia vitu, na waya uliokuwa ukisubiri kupigiliwa ukutani. Shangazi yake alisimama mlangoni na ufagio mkononi, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kutazama uchafu ukipumzika.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, ingawa ni Fundi peke yake aliyekuwa na haki kamili ya jina hilo, kwa kuwa alikuwa binti wa kaka yake. Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne, duka la kutengeneza redio na amplifaya, na vidole vyenye alama ndogo ndogo za kuungua kwa kulehemu. Katika ukoo mzima hakukuwa na mtu aliyeweza kubishana na Shangazi zaidi ya dakika tano, isipokuwa yeye na mama yake.

Kwa miaka mingi Shangazi alikuwa na spika mbili za mbele, na zilimtosha. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa, akaweka mikono magotini, akasikiliza kwaya. Hakupika huku akisikiliza, hakushona huku akisikiliza, na mgeni aliyeingia katikati ya wimbo alingoja uishe ndipo asalimiwe. Mwaka huu alikata shauri kuongeza spika tatu: moja ya katikati na mbili za nyuma.

"Nimechoka kukaa mbele ya waimbaji kama mgeni rasmi," alimwambia Fundi. "Nataka kukaa katikati yao."

Fundi hakumficha. "Shangazi, sauti ya kuzunguka inataka masikio mawili, na we unalo moja. Ile ya nyuma kushoto utakuwa unailisha umeme bure."

"Iweke."

"Hutaisikia."

"Nitakuwa nimelitimizia sikio haki yake. Lisiposikia, shauri yake."

Sikio la kushoto la Shangazi lilikufa miaka kumi na tisa iliyopita katika kiwanda cha nguo, ng'ambo ya reli, ukumbi namba tatu. Humo alifuma kwa miaka kumi na mmoja, amesimama, mstari wa mashine ukiwa upande wake wa kushoto. Siku alipoacha kazi, daktari wa kiwanda alimwekea saa sikioni, akauliza kama anasikia, akajibiwa hapana. Kwenye fomu, mbele ya maneno "sikio la kushoto," daktari akaandika: kasoro ya kuzaliwa. Nakala ikaenda Ofisi ya Kazi, ikaingia kwenye faili, na faili likaingia kabatini.

Shangazi hakudai fidia, wala hakutaka kuombwa radhi. Alitaka maneno yale matatu yakatwe. Mama yake mzazi, akiwa kitandani mgonjwa, alisomewa fomu ile, akauliza, "Kwa hiyo wanasema nilizaa mtoto mbovu?" Alikufa miezi miwili baadaye, na hakuna aliyekuwa amemjibu. Shangazi alikwenda Ofisi ya Kazi mara sita. Mara zote aliambiwa kwamba kiwanda kilipimwa kila mwaka na kelele zake hazikuwahi kuzidi kiwango, kwa hiyo sikio lile halikuwa na mahali pengine pa kuharibikia isipokuwa tumboni. Hasira aliyotoka nayo mara ya sita alikuwa nayo bado, na alikuwa akiitunza vizuri.

Spika zilipokwisha kufungwa, Fundi aliweka kipaza sauti kidogo cha kupimia juu ya kiti, kwenye kijiti, akakipandisha na kukishusha mpaka kikawa sawasawa na mahali masikio ya Shangazi yanapokaa. Alimpima kwanza shangazi yake kwa futi, ameketi, kutoka sakafuni hadi sikioni. Alikuwa mkali katika jambo hili. Mafundi wengine huweka kipaza sauti popote palipo wazi, mezani au dirishani, halafu mwenye nyumba analalamika miaka mitatu.

"Kipimo kinawekwa penye sikio," alisema.

Kila spika ikatoa mvumo wake kwa zamu, shhh, na amplifaya ikaandika kwenye kioo chake umbali wa kila moja kutoka kitini. Mbele kulia, mita mbili na nusu. Katikati, mita mbili na robo. Mbele kushoto, mita mbili na nusu. Nyuma kulia, mita moja na nusu. Nyuma kushoto, mita elfu moja mia moja na arobaini.

Fundi alichukua futi, akapima spika ya nyuma kushoto hadi kitini. Mita moja na nusu. Akarudia upimaji wote tangu mwanzo, na amplifaya ikaandika vilevile. Akabadilisha waya. Akabadilisha spika yenyewe, ya kulia akaileta kushoto. Mita elfu moja mia moja na arobaini.

"Mashine hii ni kichwa ngumu," alisema.

"Basi itakaa vizuri humu ndani," alijibu Shangazi, akaketi.

Kwaya ilianza. Kutoka mbele na kutoka nyuma kulia zilikuja sauti za waimbaji, safi, kila mmoja mahali pake. Kutoka nyuma kushoto zilikuja mashine za kufuma. Hazikuwa mashine za aina yoyote tu. Zilikuwa za ukumbi namba tatu, mia moja na kumi na mbili, zikipiga kwa pamoja, na ndani yake Shangazi alitambua ya kwake, namba arobaini na saba, iliyokuwa ikichechemea kila pigo la nne. Alizisikia kwa sikio la kushoto. Fundi alipochomoa waya, sikio likafa tena. Alipouchomeka, likafufuka, na kitu pekee lilichokisikia ni kile kilicholiua.

"Unasikia?" Fundi alipaza sauti.

"Nasikia. Pandisha kidogo."

Saa saba kamili mashine zilizimika, mstari mmoja baada ya mwingine, na spika ikanyamaza. Shangazi alieleza kwamba Jumamosi zamu ilikuwa nusu siku. Kesho yake spika haikutoa chochote, kwa kuwa kiwanda hakikufanya kazi Jumapili, na Jumatatu saa mbili asubuhi ilianza kazi kama kawaida.

Baadaye Fundi alitazama ramani. Kutoka kwenye kiti cha Shangazi hadi ukumbi namba tatu, ukipita juu ya mapaa na juu ya reli, ni mita elfu moja mia moja na arobaini.

Mama yake Fundi, wifi wa Shangazi, alikuja Jumatatu hiyohiyo kuona kitu gani kinatikisa sahani zake nyumba ya tatu. Yeye naye alikuwa mfumaji, mashine namba arobaini na nane, na masikio yake yote mawili yalisikia, ila nusu nusu. Alisimama mlangoni akasikiliza kidogo.

"Hao ni sisi," alisema, akavuta kiti kingine.

Katika ukumbi namba tatu hakuna aliyewahi kusikia neno la mwenzake. Wafumaji walizungumza kwa midomo: walifumbua kinywa kwa upana, wakatamka kila silabi bila kutoa sauti, wakaongezea na mikono. Kwa namna hiyo walisengenyana, wakaposana, wakatukana wasimamizi waliokuwa wamesimama hatua mbili tu kutoka kwao. Sasa Shangazi na wifi yake walikaa sebuleni, kelele zikiwapita juu ya vichwa, wakaanza tena palepale walipoachia.

"Wifi, umenenepa," alisema wifi yake kwa midomo.

"Na wewe umezeeka," alijibu Shangazi kwa midomo.

Walicheka mpaka wakajifuta machozi, na Fundi, aliyekuwa jikoni, hakusikia kitu.

Spika ilifanya zamu nzima kila siku, saa mbili hadi saa kumi, na mapumziko yake. Wafumaji wawili wale waliweza kujua ni mwaka gani kwa kusikiliza. Kulikuwa na feni ya dari iliyokwaruza ambayo ilitengenezwa mwaka wao wa tano, na katika spika bado ilikuwa inakwaruza. Shangazi hakukosa hata zamu moja. Fundi alimuuliza kwa nini hazimi, akasikiliza kwaya yake kwa amani.

"Miaka kumi na tisa naambiwa kelele hizi hazikuwepo," alisema Shangazi. "Leo zimekuja zenyewe mpaka nyumbani kwangu, halafu nizifungie mlango?"

Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu, alikuja kuomba kama mashine zingeweza kuanza saa tatu badala ya saa mbili. Shangazi alimjibu kwamba zamu si yake, ni ya kiwanda. Mwalimu alikubali kwamba hoja ina mantiki. Alirudi kwake akaandika barua kwa halmashauri, kwa mwandiko mzuri sana, na barua ilifika.

Mpimaji wa kelele alikuja Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne kasorobo asubuhi. Alikuwa mtu wa umri mkubwa, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na kipimo chake alikibeba ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa pembeni. Shangazi alimtambua tangu akiwa getini. Alikuwa yeye yule aliyepima kiwanda kila mwaka. Kabla ya kuhamishiwa mitaani alikuwa akipima viwanda.

Alivua viatu, akasalimia vizuri, akaenda kusimama karibu na mlango wa jikoni, mbali kabisa na spika. Akainua kipimo.

"Hapo unapima jikoni," alisema Fundi kwa sauti ya juu. "Jikoni hakuna anayekaa. Kipimo kinawekwa penye sikio."

"Nina utaratibu wangu, binti yangu."

"Na kiti kina alama zake, Mzee."

Mpimaji alitazama alama za chaki. Inaelekea aliziheshimu, kwa sababu alisogea. Shangazi aliketi, na Mpimaji akashika kipimo kando ya sikio lake la kushoto.

"Tisini na nane," alisema. "Kiwango cha makazi mchana ni hamsini na tano."

"Na cha kiwandani?" aliuliza Shangazi.

"Themanini na tano."

"Kwa hiyo hata kiwandani hii ingekuwa imezidi."

"Kiwandani hatukuwahi kupata namba kama hii, mama. Hizi ni mashine ngapi?"

"Mia na kumi na mbili."

Mpimaji alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari za msiba usiomhusu. Alikuwa anafungua kitabu chake cha fomu wakati mashine zilipoanza kuzimika ndani ya spika. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zikabaki kama ishirini tu, mbali, mwisho wa ukumbi. Ilikuwa saa nne tu, na mapumziko ya zamu yalikuwa saa sita. Wifi alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Siku ya chai," alisema, safari hii kwa sauti.

Kutoka kwenye spika vilisikika vikombe vikigongana, na wanawake wakicheka, na mmoja akimwambia mwenzake asimalizie sukari. Mlango mzito ukafunguliwa. Viatu vikatembea juu ya saruji, vikasimama. Sauti ya mwanamume, puani kidogo, ikasema, "Themanini na mbili. Vizuri sana. Hongereni." Sauti nyingine ikasema karibu tena mwakani, bwana mpimaji. Kisha makofi. Wanawake wote wa ukumbi namba tatu walipiga makofi, kwa furaha ya kweli, makofi marefu, mpaka viatu vikatoka na mlango ukafungwa.

Shangazi aliyatambua makofi yake mwenyewe, yaliyokuwa mazito kuliko ya wengine, na aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni. Miaka kumi na mmoja walimngoja mtu huyu kwa hamu. Kila mwaka siku yake ilipokaribia waliulizana kwa midomo, anakuja lini, anakuja lini, kwa sababu siku hiyo tu walikunywa chai wameketi. Walifagia ukumbi kwa ajili yake. Mwaka mmoja walimchangia maua. Hata siku moja hawakujiuliza kwa nini chai inaletwa na kipimo.

"Ni wewe huyo," wifi alimwambia Mpimaji.

"Ni mimi," alisema Mpimaji. "Siku ile nilikuwa na mafua, ndiyo maana sauti imekaa vile."

"Mashine zilizimwa ili upime."

"Mimi napima ninachokikuta, mama. Nikikuta zimezimwa, nitapima zilizozimwa."

Mashine zilianza kuwaka tena, mstari mmoja baada ya mwingine, na sahani zikaanza kutikisika kabatini. Shangazi alimshika Mpimaji mkono, akaurudisha mkono huo, pamoja na kipimo, kwenye sikio lake la kushoto.

"Basi andika unachokikuta," alisema. "Leo umezikuta zinafanya kazi."

Mpimaji hakuwa mtu mbaya, na fomu ilikuwa na nafasi zinazotaka kujazwa. Kwenye nafasi ya kiasi aliandika tisini na nane. Kwenye nafasi ya chanzo cha kelele alisita, kisha akaandika, kwa kuwa Shangazi alikuwa amemsimamia begani: mashine za kufuma mia moja na kumi na mbili, ukumbi namba tatu, kupitia spika ya nyumbani. Akatia saini, akampa nakala, pamoja na amri ya kuzima ndani ya siku saba. Aliagana na wote, akavaa viatu. Siku saba zilipita, na siku ya nane saa mbili asubuhi Shangazi aliwasha amplifaya na kufungua madirisha yote.

Nakala ile aliipeleka Ofisi ya Kazi mwenyewe, mara ya saba, amevaa gauni lake la kutokea. Karani wa mafaili alikuwa kijana mpole mwenye tai, aliyemwita kila mtu mama au mzee na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliisoma nakala kwa makini, akagonga muhuri, akasema jambo hili sasa lina ushahidi wa maandishi na litashughulikiwa. Shangazi alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika alimwambia wifi yake kwamba leo ndiyo siku ya kwanza ametoka ofisi ile bila kutamani kuvunja kitu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Fundi alilisoma kwa sauti, amesimama upande wa sikio la kulia. Barua ilimshukuru Shangazi kwa kuleta taarifa mpya. Ilisema faili lake limefunguliwa na kurekebishwa. Maneno "kasoro ya kuzaliwa" yamekatwa kwa kalamu nyekundu na mahali pake pameandikwa: uziwi uliosababishwa na mhusika mwenyewe, kwa kusikiliza redio nyumbani kwa sauti ya juu, kama ilivyothibitishwa na kipimo rasmi. Mhusika alitakiwa kutia saini hapo chini kuonyesha ameridhika, baada ya hapo faili litafungwa.

Wifi alianza kucheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaacha.

"Lakini Bibi ametoka humo, Shangazi," alisema Fundi. "Hawasemi tena ni yeye. Si ndicho ulichotaka?"

"Wamemtoa yeye, wakaniingiza mimi," alisema Shangazi. "Kila mtu wa nyumba yetu ameshaingia kwenye faili lile. Kiwanda tu ndicho hakijaingia."

Aliinuka kitini. Alichukua bisibisi ya Fundi, akapanda juu ya stuli, akafungua skrubu nne zilizoshikilia spika ya nyuma kushoto, akauchomoa waya. Spika iliendelea. Aliishusha, akaiweka mezani, na iliendelea palepale, kwa sababu ilikuwa saa tano na zamu haijaisha. Fundi alisema hilo linatokea mara chache. Wifi alikwenda kuvaa viatu.

Walifika Ofisi ya Kazi saa sita kasoro dakika ishirini na tano, wakachukua namba kwenye kimashine cha foleni kama watu wote, wakaketi kwenye benchi la wanaosubiri. Spika ilikuwa mapajani mwa Shangazi. Mtu aliyekuwa kaunta akieleza shida yake alirudia sentensi moja mara tatu, akakata tamaa, akaandika kwenye karatasi. Mlinzi alikuja akaonyesha tangazo ukutani lililokataza simu. Shangazi alimwonyesha kwamba hana simu. Saa sita mashine zilinyamaza kwa mapumziko, na kila mtu ofisini alianza kuongea kwa haraka, wote kwa pamoja, kuwahi saa saba.

Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake katikati ya mapumziko hayo.

"Mama, tafadhali zima hicho kitu. Huku watu wanafanya kazi."

"Sisi pia tulikuwa tunafanya kazi," alisema Shangazi.

"Basi chomoa waya."

"Haina waya, Mkuu," alisema wifi. "Angalia mwenyewe."

Mkuu aliangalia nyuma ya spika, akapitisha kidole, akakubali kwamba haina waya. Aliuliza itanyamaza lini. Shangazi alimwambia saa kumi, ila kesho itaanza saa mbili. Mkuu alisema jambo la namna hiyo linahitaji barua. Wakamwacha akaiandike.

Kesho yake walirudi, na keshokutwa. Wiki iliyofuata walikuwa wanawake watano, kisha tisa, wote wa ukumbi namba tatu, kila mmoja na faili lake katika kabati lilelile, na katika yote, ukiacha la Shangazi lililorekebishwa, masikio yaliharibika kabla ya kuzaliwa. Walikaa benchi moja, wakazungumza kwa midomo kutoka asubuhi hadi jioni. Hawakumtukana mtu kwa sauti. Makarani waliona midomo ikienda na mikono ikiwanyooshea kidole, na wakapata hisia sahihi kabisa kwamba wanasengenywa.

Ofisi haikufungwa hata siku moja. Wale wenye maumivu ya kichwa walirudi nyumbani mapema. Wageni walifundishwa kuja saa sita. Mihuri iligongwa, kabati lilifunguliwa na kufungwa, na hakuna aliyesikia likifunguliwa au likifungwa. Mpimaji aliitwa. Alipima kutoka kila meza, penye sikio la kila karani, bila kuambiwa na mtu, akapata tisini na nane mara kumi na nne.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, gari lilileta boksi la vizibo vya masikio kwa wafanyakazi wote wa Ofisi ya Kazi. Ndani ya boksi kulikuwa na waraka uliosema kwamba kelele za kiasi hicho, mtu akikaa nazo saa nane kwa siku, huua sikio, na kwamba mwajiri ana wajibu wa kumkinga mfanyakazi wake bila kuchelewa. Waraka ulisomwa, ukabandikwa ukutani, ukatiwa saini na Mkuu. Wafumaji wa ukumbi namba tatu waliwahi kuomba vizibo mara tatu. Mara ya tatu waliambiwa pamba imejaa sakafuni, waokote.

Karani wa mafaili alitia vizibo vyake, akaangalia waraka ukutani, akaangalia benchi, akaangalia meza yake. Kisha akatoa lile faili kabatini, akaja nalo mpaka mbele ya Shangazi, akalifungua ukurasa wenye kalamu nyekundu, akaweka kalamu juu yake kwa adabu. Alikuwa amekaa na wanawake wale wiki mbili, na bila mtu kumfundisha alifumbua kinywa kwa upana na kutamka kila silabi bila sauti.

"Tia saini tu, mama. Tufunge."

Shangazi alisoma midomo yake. Hakuinua sauti, kwa kuwa haikuwa na kazi.

"Chukua kalamu wewe," alisema kwa midomo. "Andika kiwanda."

Karani alitikisa kichwa, taratibu, kwa huzuni iliyoonekana kuwa ya kweli, akalirudisha faili kabatini. Mstari mwekundu ulibaki ulipo. Ilikuwa saa nane na nusu, na zamu ilikuwa imebakiza saa moja na nusu. Shangazi aliigeuza spika ikatazama kaunta, akawaambia wenzake wasogee, kwa sababu mwanamke wa kumi alikuwa amesimama mlangoni akitafuta pa kukaa.